Kazi ya Miaka 108: Jinsi Biblia Yetu ya Kiswahili Ilivyotufikia

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Don Mills imo Biblia ya Kiswahili yenye jalada jeusi. Nyingine imekaa juu ya kabati la vyombo, nyingine imefungwa kwa kanga ndani ya sanduku lile lile lililoileta kutoka nyumbani. Katika kurasa tupu za mwanzo mzee fulani ameandika kwa wino majina ya watoto, siku walizozaliwa, siku za ubatizo, na siku za misiba. Wanaoisoma kila siku ni akina bibi na babu. Wajukuu huiheshimu sana, wala hawawezi kuiweka sakafuni, lakini wakiambiwa wafungue na kusoma hutazamana.

Kwa sababu hiyo swali limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu ya jamaa, tena kwa nia njema. Je, tuendelee kusoma Neno kwa Kiswahili katika sala za nyumbani, na kuwafundisha watoto, ilhali kazi yenyewe ni ndefu na matunda yake hatuyaoni? Baba anatoka kazini usiku, mama ana zamu ya alfajiri, mtoto ana masomo yake ya shule, na baridi imekaza. Nani atakaa tena kitako kufundisha jinsi ya kusoma "ng'ombe" na "ng'ambo"?

Sitaki kulijibu swali hili kwa mahubiri, maana wahubiri tunao, na wanajua kazi yao kuliko mimi. Nataka kueleza historia ya kitabu chenyewe. Wengi wetu tunakishika mkononi bila kujua kilikawia muda gani kabla ya kufika mkononi.

Biblia ile tuliyozoea sisi, iitwayo Union Version, ilipigwa chapa nzima mwaka 1952. Mwaka uliofuata, 1953, ndipo ujenzi wa mtaa wetu ulipoanza. Mahali hapa palikuwa mashamba. Tajiri E. P. Taylor aliyanunua, akamweka kijana mmoja, Macklin Hancock, kuupanga mji mpya wenye sehemu nne kuzunguka njia panda ya Don Mills Road na Lawrence Avenue. Haikupita miaka mingi, nyumba zikasimama, shule zikafunguliwa, maduka yakawaka taa. Basi Biblia yetu na mtaa wetu ni karibu marika. Lakini mtaa ulijengwa katika maisha ya mtu mmoja, naye akauona. Ile Biblia ilianza kufasiriwa mwaka 1844, na hakuna hata mmoja wa walioianza aliyeiona kamili.

Aliyeanza ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810, mtumishi wa Church Missionary Society ya Uingereza. Hakuwa amekusudia kuja Mombasa. Alikuwa ametumwa Ethiopia, na huko akazuiliwa kuendelea. Mapema mwaka 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe, Rosine. Sayyid Said akampa barua ya ruhusa, na mwezi wa Mei wakahamia Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyeketi naye na kumsaidia ni Sheikh Ali bin Muhiddin, mtu wa asili ya Barawa, aliyekuwa Kadhi wa Mombasa. Jambo hili lafaa tulikumbuke, hasa sisi ambao jamaa zetu wamo Wakristo na Waislamu, na tunaoana na kuzikana. Msaada wa kwanza katika kuifasiri Biblia kwa Kiswahili ulitoka kwa kadhi wa Kiislamu. Krapf mwenyewe aliihesabu siku ile kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yake.

Haukupita mwezi mmoja, homa ikaingia nyumbani. Rosine alikuwa na mimba, akajifungua mtoto wa kike katikati ya ugonjwa, na tarehe 13 Julai akafariki. Mtoto naye hakukawia, akamfuata mama yake. Krapf alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, pande za Nyali, na kaburi hilo lingali likijulikana hata leo. Wako katika jamaa zetu waliopita hapo mara nyingi wakienda shughuli zao.

Hebu tulitazame jambo hili kama lilivyokuwa, bila kulipamba. Mtu ameanza kazi ya Mungu, na wiki tano baadaye amemzika mkewe, na siku chache tena amemzika mtoto. Kwa hesabu za kibinadamu ilikuwa dalili ya kurudi. Yeye alipopata nguvu za kukaa, alirudi kwenye karatasi zake. Kwa muda wa miaka michache alikuwa amefasiri sehemu kubwa ya Agano Jipya, na sura za kwanza za Mwanzo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki. Sehemu kubwa ya ile kazi nyingine ilibaki miswada tu. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi kwao.

Krapf alikuwa na shabaha nyingine kubwa zaidi. Aliota mnyororo wa misheni kuanzia Mombasa, kukata bara lote, mpaka pwani ya magharibi. Mnyororo huo haukupatikana katika maisha yake. Kilichodumu ni zile karatasi, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882. Yeye alikuwa amefariki Novemba 1881, huko Korntal, Ujerumani. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Mwenzake alikuwa Johannes Rebmann, aliyefika Mombasa Juni 1846. Mwaka ule ule wakafungua kituo Rabai. Watu wengi humkumbuka Rebmann kwa sababu ya Kilimanjaro, kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji juu ya kilele, na alipoandika habari hiyo wataalamu wengine wa London, waliokuwa hawajatia mguu huku, walimkanusha. Ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya watu wengine kuupima mlima huo na kumthibitisha. Lakini theluji ilikuwa jambo dogo katika maisha yake. Kubwa ni kwamba alikaa. Tangu 1846 mpaka 1875, miaka 29, hakurudi kwao Ulaya hata mara moja.

Na alikaa na nini? Mtu wa kwanza kubatizwa huko alikuwa Mringe, kiwete mmoja, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa mgonjwa na kufariki baada ya muda mfupi. Kwa miaka mingi waliofuata walikuwa wachache sana. Mke wake, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yake yakaanza kufifia, mwishowe akawa kipofu. Mchana kutwa alikuwa akikusanya maneno, ya Kiswahili, ya Kinyika, na ya lugha ya Nyasa, ambayo alifundishwa na mtu aliyekuwa amechukuliwa utumwani kutoka huko, jina lake Salimini. Mgeni aliyemtembelea angeweza kuuliza, kwa haki kabisa, huyu mzee anafanya nini hapa?

Rebmann aliondoka mwaka 1875 akiongozwa mkono, akafariki Oktoba 1876, naye pia Korntal. Mwaka huo huo Injili ya Luka aliyoifasiri yeye ilipigwa chapa Ulaya, nayo ilisimamiwa na Krapf. Kamusi ya lugha ya Nyasa ilitoka mwaka 1877, baada ya yeye kuzikwa. Na Rabai ile iliyokuwa na waumini wa kuhesabika ikawa kituo kikubwa, kimbilio la watu waliotoka utumwani.

Wakati Rebmann akiwa bado Rabai, kazi hiyo hiyo ilikuwa imeanza upande mwingine, Unguja. Misheni ya UMCA, iliyoanzishwa baada ya wito wa David Livingstone, ilikuwa imejaribu kwanza katika bonde la Shire, ikapoteza watu kwa homa na njaa, hata askofu wake wa kwanza, Mackenzie, aliyefariki mwaka 1862. Mwaka 1864 mabaki ya misheni hiyo yakahamia Unguja, na miongoni mwao alikuwa padre mmoja aliyesomea sheria, Edward Steere.

Wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultan Majid aliwakabidhi kwa askofu. Steere hakuwa na kitabu cha kuwafundishia, wala wao hawakuwa na lugha yake. Akaanza kuandika maneno anayoyasikia kwao na mitaani. Mwaka 1870 alikuwa amekwisha toa kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja, na kingine cha hadithi alizosimuliwa na Waunguja wenyewe. Akaweka mtambo mdogo wa chapa, na vijana waliotoka utumwani wakajifunza kupanga herufi. Hivyo baadhi ya karatasi za kwanza za Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja zilipangwa herufi kwa herufi na vidole vya watoto waliokuwa wameuzwa. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa kuu. Steere, aliyepata uaskofu mwaka 1874, alijenga kanisa hilo kwa matumbawe na saruji, huku mkono mwingine ukifasiri. Alifariki Agosti 1882, mwenye miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima haikuwa tayari. Wenzake, hasa Padre Hodgson, waliyachukua yaliyosalia, wakayasahihisha na kuyaongeza, na Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu ile Juni ya Mombasa.

Mtu angedhani safari imeishia hapo. Lakini watu wa Mombasa walisema, nao walikuwa na haki, kwamba Kiswahili hiki cha Unguja si chao. Kimvita kilikuwa na ushairi wake na adabu yake tangu zamani. Basi wamisionari wa upande wa Kenya wakafanya kazi yao tangu mwanzo. Agano Jipya la Kimvita likatoka mwaka 1909, na Biblia nzima mwaka 1914. Hali kadhalika huko Tanganyika, Mjerumani Karl Roehl, akisaidiwa na Andrea Kajerero na Martin Nganisya, alifasiri upya kwa kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Ikawa Mkristo wa Mombasa, Mkristo wa Unguja na Mlutheri wa bara wana Biblia tatu, na wakikutana mahali pamoja kusoma, kila mmoja anasikia neno lake.

Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi zote nne za Afrika Mashariki. Hapo ndipo likaja wazo la Biblia moja ya umoja. Kazi hiyo iliongozwa na Kanuni Broomfield wa UMCA na Kanuni Butcher wa CMS, na vita kuu vya pili vikapita katikati yake. Agano Jipya likatoka mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952. Hiyo ndiyo iliyofungwa kwa kanga ndani ya sanduku lako. Hesabu tangu 1844, utapata miaka 108.

Sasa tujiulize historia hii inatufundisha nini sisi tulio ng'ambo.

Kwanza, kila mmoja wao aliacha kazi haijakwisha, lakini aliiacha mahali ambapo mwingine angeweza kuishika. Krapf aliacha miswada na sarufi, Rebmann aliacha maneno yake, Steere aliacha mtambo wa chapa na vijana wanaojua kuutumia. Twasema mvumilivu hula mbivu. Hawa walivumilia, na mbivu wakala wengine. Kwa hiyo uvumilivu wa Kikristo si ule wa kungojea zamu yako ya kula tu. Ni kupanda, kumwagilia, na kumwonyesha mwenzako kisima kilipo.

Pili, na hili ni gumu zaidi, wengi wao kazi yao iliwekwa kando na waliowafuata. Biblia ya Kimvita, iliyogharimu maisha ya watu, haisomwi tena makanisani. Ya Roehl nayo ilipisha. Hata ile ya mwaka 1952 imepata mdogo wake, Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990, yenye Kiswahili chepesi zaidi. Lakini hakuna iliyopotea bure, maana kila mfasiri alifanya kazi akiwa na ya mwenziwe mezani. Basi tusiudhike mjukuu akisoma kwa Kiswahili chake kibovu cha Don Mills, au akitaka ile Biblia nyepesi. Si kututupa huko. Ndivyo kazi hii ilivyokuwa ikipokewa tangu mwanzo.

Tatu, hatuwezi kuupima moyo wa mtu kwa matunda ya mwaka mmoja. Lau ungefika Rabai mwaka 1860 na daftari la hesabu, ungeandika kwamba kazi imeshindwa. Vivyo hivyo, yuko kati yetu mama anayesoma usiku ili apate tena cheti cha kazi aliyokuwa akiifanya nyumbani miaka ishirini. Yuko baba anayesubiri karatasi za kumleta mkewe. Wako wazazi wanaomwombea mtoto aliyepotea njia, na jibu hawalioni. Hata reli ya hapa Eglinton ilianza kujengwa mwaka 2011, tukaambiwa 2020 tutaipanda, na 2020 ikaja ikapita na mashimo yake. Kama chuma na saruji hukawia, si ajabu roho ya mtu ikawie.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba anayedumu hupata kila alichokiomba. Rosine hakurudi. Rebmann hakurudishiwa macho. Ule mnyororo wa Krapf haukufika pwani ya magharibi katika siku zake. Imani yao haikuwa ya kumdai Mungu malipo. Walifanya sehemu yao ya leo, wakamwachia Yeye kesho, na kesho hiyo ndiyo sisi.

Kwa hiyo nashauri mambo machache, madogo, yanayowezekana hata kwa mtu aliyechoka. Kila nyumba isome fungu fupi la Kiswahili mara moja kwa juma, Jumapili jioni, na mtoto mmoja apewe mistari miwili tu, asome hata kama anakwama, na asichekwe. Akina bibi na babu wasome kwa sauti milango waipendayo, na vijana wairekodi katika simu zao, maana sauti ya mzee ikishazikwa hairudi. Na katika zile kurasa tupu za mwanzo, chini ya majina yaliyoandikwa na wazee, vijana waandike wenyewe, kwa mkono wao, majina ya watoto waliozaliwa huku. Wakianza kuandika humo watajua kuwa kitabu ni chao.

Huenda sisi tusiyaone matunda yake. Huenda mjukuu atakayeifungua ile kanga na kusoma bila kukwama hajazaliwa bado. Hilo lisituvunje moyo. Tangu kaburi la Nyali mpaka sanduku la Don Mills, kitabu hiki kimebebwa na watu ambao hawakuona mwisho. Sasa kiko mikononi mwetu.

Mwenyezi Mungu azibariki jamaa zetu zote, walio huku na walio nyumbani, atupe nguvu ya sehemu yetu ya leo, na atukutanishe salama mwaka ujao.